Askari, mizani na dagaa wa Mwaloni

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hafundishwi maana ya uzito. Dagaa wabichi wakishinda juani, mizani inashuka, lakini samaki ni walewale. Kilichoondoka ni maji.

Nililikumbuka hilo juzi kijiweni, askari mmoja mstaafu alipowasimulia vijana jinsi wanajeshi wa Marekani wanavyojifungia sauna na kumeza vidonge vya kuharisha siku ya kupimwa uzito ikikaribia. Vijana wakacheka: "Mzee, si wafanye mazoezi tu?"

Hoja yao ina uzito wake. Kilo za ziada huyaelemea magoti, na askari akijeruhiwa, mwenzake ndiye wa kumbeba. Tena mizani ni rahisi na haiangalii sura ya mtu.

Lakini chukua mvuvi wa Igombe aliyekomazwa na kuvuta nyavu, mwenye urefu wa mita 1.75 na kilo 84. Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: unapata 27.4, na kuanzia 25 anahesabiwa mnene. Hesabu hiyo haiulizi kama ni msuli au kitambi. Kule Marekani, kwa miaka mingi askari aliyezidi kilo zilizowekwa kwa kimo chake alipimwa kwa futi kamba kukadiria mafuta. Akishindwa na hapo, aliingizwa kwenye programu ya kupungua, kupandishwa cheo kukasimama, na asipopungua aliweza kuachishwa. Mtu mwenye familia atafanyaje ikiwa zimebaki siku tatu?

Atajinyima maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo akitoa jasho la lita mbili kilo mbili zimekwenda, na jioni akinywa zinarudi. Mafuta hayajaguswa. Hata vile vidonge vya kuharisha vinafanya kazi chini, kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa. Kilichobaki ni damu iliyopungua ujazo, moyo unaokwenda mbio na mwili usioweza kujipoza vizuri. Sasa mpe mtu huyo mbio za maili mbili! Kanuni iliyotaka askari imara inampata siku aliyo dhaifu kuliko zote.

Mwaka 2023 jeshi la nchi kavu la Marekani lililegeza: aliyepata alama 540 kati ya 600 za mazoezi, na zisizopungua 80 kwa kila zoezi, hakupimwa mafuta hata kama kilo zimezidi.

"Umeona, mwanangu?" mzee akasema.

"Lakini 540 wanazipata wangapi, mzee?"

Hapo kijana alimbana. Wengi wa waliobaki chini ya alama hizo waliendelea kungoja mizani, na sauna ilikuwa palepale.