Harry Farr hakuwa mwoga

Kuna maneno yananichoma kila inapotajwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: eti askari aliyekataa kurudi mstari wa mbele hakuipenda nchi yake, wala wenzake, wala mke aliyemwacha nyumbani. Juzi nimeyasikia tena kwa mtu mzima, akiyasema kwa uhakika kabisa.

Mwaka 1915 Harry Farr, askari wa Uingereza, alilazwa miezi mitano kwa sababu milipuko ya mizinga ilikuwa imemvuruga akili. Mkewe, Gertrude, akapokea barua yenye mwandiko asioujua. Farr alijua kuandika vizuri, ila mkono ulikuwa ukitetemeka hata kalamu haishikiki, ikabidi aandikiwe. Kama hayo si mapenzi, nielezwe ni nini. Mtu kashindwa na kalamu, lakini bado anahangaika mkewe apate habari zake! Halafu, alipotolewa hospitali, alirudi vitani. Alirudi kwa wenzake, na mwaka 1916, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa, mwili wake ukagoma. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kwa uoga, bila mtu wa kumtetea. Alipigwa risasi alfajiri ya tarehe 18 Oktoba, ana miaka 25. Gertrude akanyimwa pensheni ya mjane, akabaki na mtoto wa kike mdogo na aibu ambayo haikuwa yake.

Sawa, jeshi haliendi bila nidhamu, hilo nalikubali. Lakini mgonjwa anahitaji daktari.

Mshairi Wilfred Owen naye alitibiwa maradhi hayo hayo, katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Akarudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla mizinga haijanyamaza. Owen tunamsifu kwa uaminifu, na anastahili. Basi Farr aliyerudi akiwa bado anatetemeka tumnyime sifa hiyo kwa lipi? Uaminifu wake ulikuwa katika kule kurudi. Kilichofuata kilikuwa ugonjwa.

Mwaka 2006 Uingereza ilimsamehe Farr pamoja na askari wengine waliopigwa risasi kwa hukumu kama yake, jumla yao 306. Binti yake aliiona siku hiyo. Gertrude alishafariki mwaka 1993. Lakini sheria iliyotoa msamaha ilitamka wazi kwamba hukumu zenyewe haziguswi. Mimi nataka zifutwe, na ya Harry Farr ianze.