Thamani ya Mkahawa wa Mtaani Haimo Katika Ujazo wa Sahani

Wengi wetu tukiulizwa kama mkahawa wa mtaani unastahili pesa tunazoulipa, hujibu kwa kutaja ukubwa wa sahani. Sahani ikifurika, mkahawa unasifiwa. Ukionekana ukingo mtupu, mwenye mkahawa anashukiwa kuwa ameingiwa na tamaa. Mimi nakikataa kipimo hiki, kwa sababu hakuna kingine ambacho mwenye jiko anaweza kukichezea kwa urahisi zaidi. Vyakula vya wanga ndivyo vya bei nafuu katika sehemu kubwa ya dunia, ilhali nyama, samaki, mboga mbichi na mafuta safi ndivyo vinavyomla mwenye biashara. Anayebanwa na gharama anaweza kuongeza wanga, akapunguza hivyo vingine kidogo kidogo, na mlaji akaondoka tumbo limejaa huku akimsifu kwa ukarimu.

Kipimo cha pili ninachokisikia mara kwa mara ni kile cha kulinganisha na jiko la nyumbani: chakula hiki ningekipika mwenyewe kwa theluthi ya bei. Kauli hiyo mara nyingi ni kweli, lakini haithibitishi lolote. Kwa desturi ya biashara hii, viungo vya sahani hukadiriwa kuwa karibu asilimia 30 ya bei iliyoandikwa kwenye menyu, na ujira wa wafanyakazi huchukua sehemu inayokaribiana na hiyo. Kinachobaki kinagawanywa kwa kodi ya pango, umeme, gesi, maji, vyombo vinavyovunjika na vyakula vinavyoharibika kabla ya kupata mnunuzi, na mwishoni mwenye mkahawa wa kawaida husalia na asilimia chache tu za faida, akibahatika. Anayelalamika kwamba viungo ni theluthi tu ya bili yake amegundua jinsi mkahawa unavyoendeshwa, hajagundua wizi.

Mwaka 1985 mwanauchumi wa Marekani Richard Thaler alichapisha matokeo ya swali aliloliuliza watu kuhusu bia baridi ufukweni. Walioambiwa kwamba bia ingenunuliwa katika hoteli ya kifahari walikuwa tayari kulipa dola 2.65 kwa kiwango cha kati, na walioambiwa kwamba ingetoka katika duka dogo lililochakaa walitaja dola 1.50, ingawa bia ilikuwa ileile na wote wangeinywea palepale ufukweni. Hivyo ndivyo tunavyoutendea mkahawa wa jirani. Kwa kuwa viti vyake ni vya plastiki na mhudumu hakuvaa tai, tumekwisha kuamua kabla ya kuonja kwamba bei yake lazima iwe ndogo. Kisha tunausamehe mambo ambayo hoteli tusingeisamehe kamwe: choo kichafu, meza inayonata, chakula kilichopoa. Ningependa tufanye kinyume chake, yaani tuwe wakarimu kidogo juu ya bei na wakali juu ya hayo mengine.

Hilo la chakula kilichopoa si suala la ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kiwekwe katika joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa, na kwamba kisikae kwa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Sahani inayofika mezani ikiwa vuguvugu dakika mbili baada ya kuagizwa inaeleza mengi kuhusu ilikokuwa tangu asubuhi. Ndiyo maana naiogopa menyu ndefu. Jiko lenye wapishi wawili na menyu ya vyakula arobaini haliwezi kupika vyote siku hiyo. Vingi ni viporo vinavyosubiri kupashwa moto. Kwa upande mwingine, wapo wanaokasirika wakiambiwa kwamba chakula fulani kimekwisha, na mimi nikilisikia jibu hilo hufurahi, kwa kuwa kilichokwisha leo sitaletewa kesho.

Basi tunalipia nini? Tunalipia muda tusioutumia sokoni na jikoni, vyombo tusivyoviosha, na uhuru wa watu wanne wa meza moja kuagiza vitu vinne tofauti bila ugomvi. Zaidi ya hayo, tunalipia uhakika. Mtu haendi kwenye mkahawa wa jirani kushangazwa; anakwenda kwa sababu amechoka na anajua atakachokipata. Kwa hiyo mkahawa wa namna hii haupaswi kuhukumiwa kwa ziara ya kwanza, wala kwa siku ya sikukuu ambapo mwenyewe yuko jikoni anasimamia kila sufuria. Uhukumiwe katikati ya juma, saa ambayo mwenyewe hayupo, mpishi mkuu amepumzika na wateja ni wachache. Chumvi ikiwa ileile, mchuzi ukiwa na uzito uleule na mhudumu akikumbuka kuleta maji bila kuitwa mara tatu, hapo pana kitu cha kulipiwa.

Hata kitabu cha mwongozo cha Michelin, ambacho kilianza kuipa migahawa nyota mwaka 1926, kilianzisha mwaka 1997 alama ya pekee iitwayo Bib Gourmand kwa migahawa inayotoa chakula kizuri kwa bei ya wastani. Naona walifanya vyema kuitenga alama hiyo badala ya kuifanya nusu ya nyota, kwa sababu ufundi wa kupika vizuri kwa bei ya wastani si ngazi ya chini ya ufundi mwingine.

Kipimo changu cha mwisho huja pale gharama zinapopanda, nazo hupanda kila mahali. Mwenye mkahawa ana njia kama tatu hivi: kupandisha bei waziwazi, kupunguza kipimo cha chakula, au kubadilisha viungo kimyakimya na kuyarudia mafuta ya kukaangia hadi yawe meusi. Wateja humnung'unikia zaidi wa kwanza, kwa kuwa bei mpya imeandikwa ukutani na kila mtu anaiona. Huyo mimi nitaendelea kumlipa, na wa pili nitamvumilia iwapo bei yake haijabadilika. Wa tatu hata akinipunguzia bili nusu nzima, sirudi kwake.