Siku nane kwenye maji, na sisi tunagombania machozi ya Warren

Tangu nimalize kuangalia Under the Bridge nimeshabishana na watu watatu tofauti na wote wameishia pale pale, eti "sasa hao wauaji mnawaonea huruma ya nini?" Mtu akishafika hapo mjadala umekufa, maana ukijibu chochote unaonekana uko upande wa waliompiga mtoto wa watu mpaka kufa. Basi ngoja niandike, angalau huku hakuna wa kunikata kauli.

Kwa ambaye hajaiona (mimi dogo wa laibrari aliniwekea kwenye flashi), ni tamthilia ya sehemu 8 iliyotoka Aprili 2024 kwenye Hulu, mtandao wa Marekani wa kuangalia filamu. Stori ni ya kweli, ya Reena Virk, binti wa miaka 14 aliyeuawa usiku wa tarehe 14 Novemba 1997 karibu na daraja la Craigflower, Saanich, pembeni ya mji wa Victoria kule Canada. Alizungukwa na kundi la vijana wenzake chini ya daraja, sigara ikazimwa kwenye paji lake la uso, akapigwa, akajikongoja akavuka daraja, wawili wakamfuata. Hao wawili ni Kelly Ellard, miaka 15, na Warren Glowatski, miaka 16. Wengine sita, wote wasichana, walihukumiwa kwa kile kipigo cha kwanza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza 18.

Sasa lawama za watazamaji. Ukizisikiliza haraka haraka unadhani ni lawama moja, kumbe ni mbili zimefungwa kwenye furushi moja. Kuna wanaosema kamera imekaa sana na wahalifu: tunamuona Warren anavyoishi kwenye trela peke yake baba keshaondoka zake, tunamuona Josephine, mmoja wa wale wasichana wa kundi (hilo ni jina la kutunga), anavyoota kuwa jambazi mkubwa wa New York akiwa amelala kwenye kitanda cha nyumba ya watoto wa serikali, tunaona wanalia, tunaona wanaogopa, na mtazamaji anauliza haya yote ya nini. Halafu kuna wanaosema Reena mwenyewe amefunikwa. Watu wanazitamka kwa pumzi moja, ila mimi naona moja ina mashiko na nyingine hapana.

Yenye mashiko ni hiyo ya Reena kufunikwa, ila aliyemfunika siyo Warren wala Josephine. Ni watu wazima. Kuna Rebecca Godfrey, mwandishi aliyeandika kitabu cha kisa hiki 2005, anaigizwa na Riley Keough, na kuna Cam, askari, anaigizwa na Lily Gladstone. Godfrey alikuwepo kweli, alikulia huko Victoria na alifariki Oktoba 2022 kabla tamthilia haijatoka. Cam hakuwahi kuwepo, katungwa. Halafu wakawapa mapenzi ya zamani, wakawapa vidonda vya utotoni, wakawapa matembezi ya usiku na kuangaliana kwa macho ya kulegea, na wewe umekaa pale unajiuliza mbona msiba wa Reena umegeuka ukumbi wa watu wengine kuja kumaliza mambo yao. Naelewa kwa nini walimtunga Cam, ni mtoto wa wenyeji asilia aliyelelewa na wazungu, na Canada kweli iliwachukua watoto wengi wa wenyeji wakapewa familia za kizungu, kwa hiyo kuna hoja pale ya nani anapoteza watoto na nani anaulizwa. Lakini hiyo ni stori inayojitosheleza, ingepewa tamthilia yake. Mzazi wa Reena akikaa kuangalia hiki kitu, sehemu ngapi atavumilia kabla mwanae hajatokea tena? Mama yake, Suman, alifariki 2018 hakuiona kabisa. Baba yake, Manjit, aliandika kitabu chake mwenyewe 2008 kuhusu binti yake, na sidhani mtu anaandika kitabu kizima kama anaona waliotangulia walimsema mwanae vya kutosha.

Kwa hiyo hapo nakubaliana na walalamikaji, hata sibishi.

Ninapokataa ni kwenye hiyo lawama nyingine, kwamba wale vijana wasingepewa nafasi. Na sababu yangu ni namba moja tu ambayo imenikalia kichwani: nane. Reena aliuawa tarehe 14, mwili ukapatikana tarehe 22 kwenye Gorge, yale maji yanayopita chini ya daraja. Siku nane. Nilikuwa naangalia na mama mdogo, yeye si mtu wa tamthilia za kizungu kabisa, alikuwa anachambua mchele huku anatupia jicho, ghafla akasema, "Hivi siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyemwambia mama yake?" Sikuwa na jibu. Maana wiki ile shule haikufungwa, watoto waliamka wakavaa wakaenda darasani, na huko darasani habari inatembea. Uvumi ulianza siku za mwanzo tu. Wapo walioona kipigo kwa macho yao, wapo waliosimuliwa na waliopiga, wapo waliosikia kwa rafiki wa rafiki, na bado mpaka watoto wachache wafungue mdomo polisi wiki inakaribia kuisha. Nyumbani kwa Reena wanatafuta, na polisi kwenye tamthilia wanalichukulia kama kawaida yake, si ana tabia ya kutoroka, atarudi.

Sasa hebu niambie, hizo siku nane utazionyeshaje bila kukaa na hao vijana? Ukimuonyesha Reena peke yake utapata usiku mmoja wa kutisha na mazishi. Katikati hapo, kile kimya, kiko midomoni mwa wale wengine. Lazima uingie chumbani kwao, uone Warren anavyorudi kwa mpenzi wake na suruali yenye damu, uone wasichana wanavyopigiana simu na kupangana cha kusema, uone jinsi siri inavyokuwa fahari kwa siku mbili halafu inaanza kunuka. Huko kote unajifunza namna kitu kama hiki kinavyopita katikati ya mamia ya watu bila kugusa sikio la mtu mzima, na kama hicho watu wanakiita huruma basi sijui.

Mimi nilisoma bweni, shule siitaji. Kuna usiku njuka mmoja alipelekwa nyuma ya mabweni na wakubwa zake akarudi hawezi kukaa. Bweni zima tulijua, vitanda sitini na kitu, kila mmoja alijua nani, saa ngapi na kwa kutumia nini. Mwalimu wa zamu akauliza asubuhi mstarini, kimya. Matroni akauliza, kimya. Njuka mwenyewe alisema kaanguka bafuni. Hakuna aliyetupanga, hakuna aliyetutisha hata, ni kwamba neno "mnoko" lilikuwa zito kuliko mgongo wa yule mtoto. Sijivunii. Nalisema kwa sababu nilipoona wale watoto wa Victoria wanapishana kwenye korido na kila mmoja anajua, wala sikuwaona wageni.

Upande wa pili una neno lake hapa na ni zito, sitalipita. Wanasema ukimuonyesha muuaji kwa karibu sana, na ukamtafutia kijana mwenye sura nzuri na macho ya huzuni, kuna watazamaji hawatajifunza kitu, watampenda tu. Ni kweli. Nimekutana na watu wanaomsifia Josephine kwa mavazi na maneno yake ya shombo kama vile ni nyota wa filamu ya mapenzi, na ukiwakumbusha kilichotokea chini ya daraja wanakwambia "aah, ni muvi." Hilo linauma, kwa sababu siyo muvi tu, kuna kaburi. Lakini ukiangalia vizuri anachofanyiwa Josephine mule ndani, tamthilia haimtukuzi hata kidogo. Anapenda kutisha watu kwa sababu hana kingine. Kuna mahali yeye na wenzake wanaambizana kwamba askari wanawaita kwa jina la vile viberiti vya gesi vya Bic, maana kikiisha unatupa, na wanalisema huku wanacheka. Mtoto anayejua kwamba yeye ni wa kutupwa, akimpata mwingine dhaifu kuliko yeye atamfanyia nini? Na Reena ndiye aliyekuja kwao mwenyewe, akitaka wampende, akaacha nyumba yenye wazazi akawafuata wasio na nyumba. Usipowaonyesha hawa wasichana kwa undani hutaelewa hata Reena alifuata nini kule.

Kuna kitu kingine ambacho wanaochukia machozi ya Warren hawakigusi. Wazazi wa Reena walikutana naye. Siyo kwenye tamthilia tu, kwenye maisha. Warren alihukumiwa 1999, kifungo cha maisha, na miaka ikapita, akakubali alichofanya, akakaa chumba kimoja na Suman na Manjit Virk, wakaongea. Alipoanza kutolewa kwa masharti 2007 hawakumpinga, 2010 akapata parole kamili. Kwenye tamthilia jambo hili limebanwa, linakuja haraka mno, unaona kama mama kaamka asubuhi kasamehe, na hapo nawalaumu waandaaji kwa sababu uzito wa ule msamaha uko kwenye miaka. Ila lilitokea. Sasa mimi mtazamaji niliyekaa kwenye kochi na karanga zangu nikasirike kuliko mama aliyezaa?

Najua jibu litakalokuja, kwamba msamaha wa wazazi ni wao, haumlazimishi mtu mwingine. Sawa. Na ni vizuri kukumbuka kwamba haukuwa wa jumla. Kwa Kelly Ellard familia ile ilikalishwa mahakamani mara tatu: akatiwa hatiani 2000, rufaa ikafuta, kesi ya 2004 baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, 2005 akatiwa hatiani tena, rufaa ikafuta tena, mpaka Mahakama ya Juu ya Canada iliporudisha hukumu 2009. Miaka kumi na mbili tangu mwanao afe bado unaitwa kusikiliza alivyokufa. Mtu aliyepitia hayo akisema sitaki kuona sura ya mtu yeyote anayemwigiza huyo binti, nani atamlaumu? Mimi hapana. Lakini wengi wanaopiga kelele siyo yeye.

Na bado kuna suala la Reena kuonyeshwa akiwa msumbufu, anawadanganya wazazi, anatoroka, anawajibu vibaya. Watu hawakupenda, wanasema marehemu hasemwi. Mimi ndiyo nilimpenda pale. Magazeti ya kipindi kile yaliandika sana kuhusu "wasichana wakatili" na hayakusema sana kwamba huyu aliyeuawa alikuwa mtoto wa Kihindi, mnene, mweusi kuliko wenzake, kwenye mji wa wazungu. Tamthilia imeyasema hayo bila kuzunguka. Sehemu ya nne ndiyo inarudi nyuma kabisa kwenye familia, jinsi walivyofika kisiwa cha Vancouver, kule kule Victoria iliko, mama upande wa Mashahidi wa Yehova, baba kijana kutoka India anayeingia kwenye ukoo wa watu wenye dini isiyo yake, na Archie Panjabi aliyemwigiza Suman anaongea kwa shingo tu, hata hahitaji maneno. Pale ndipo unamwona Reena ana kwao.

Ile sehemu nimeirudia mara mbili. Zile za Rebecca na Cam kwenye gari nimezipeleka mbele.