Mtaalamu wa udongo asiishi kwa posho

Juzi kwenye grupu letu la tuliosoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, mtu katupia tangazo la kazi. Anatafutwa mtaalamu wa udongo, awe na masta, uzoefu miaka mitano, ajue kuchora ramani kwa kompyuta, ajue kuandika maombi ya fedha kwa wafadhili, awe na leseni ya pikipiki, mkataba mwaka mmoja, na kwenye mshahara wameandika "kulingana na makubaliano". Matangazo ya hivyo nimeyazoea. Kilichoniuma ni majibu ya wenzangu, maana karibu wote walimwambia dogo aliyeuliza maneno yale yale: omba tu, mshahara usiuangalie sana, fildi, yaani safari za kazi zenye posho, zipo za kutosha.

Yaani tumefika mahali mtu mwenye masta anashauriwa na wakubwa zake asihangaike na mshahara kwa sababu ataishi kwa posho. Na tunalisema kama jambo la kawaida kabisa.

Tuweke namba mezani. Mpaka katikati ya 2022 mwenye digrii akiajiriwa serikalini kama Afisa Kilimo Daraja la II anaanzia TGS D, ambayo ni ngazi ya mshahara serikalini, na TGS D ya kuanzia ilikuwa 716,000, wengi wenu mnaikumbuka kwa sababu ndiyo ilikuwa ya walimu wa digrii pia. Sasa toa Bodi ya Mikopo asilimia 15, hapo imeondoka laki moja na elfu saba na ushee. Toa ya mfuko wa pensheni PSSSF asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, halafu TRA nao wachukue kodi yao kama elfu hamsini na mbili. Kinachobaki mkononi ni laki tano kasoro kidogo, hapo hujakatwa ya chama cha wafanyakazi wala hujakopa benki, na nani hajakopa benki? Nyongeza ya asilimia 23.3 iliyotangazwa 2022 ilikuwa ya kima cha chini, wa juu yake walipata asilimia ndogo zaidi. Mwaka 2025 kima cha chini kikapandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000, nashukuru kwa hilo, kwa aliyekuwa chini kabisa ni hatua kubwa. Mtafiti mwenye masta au PhD analipwa zaidi ya huyo wa TGS D, najua, lakini muulize ametumia miaka mingapi kufika hapo na amepandishwa daraja mara ngapi.

Injinia anaanzia TGS E, ngazi ya juu ya hiyo. Mtasema yeye kasoma miaka minne na mtu wa agronomia kasoma mitatu, sawa, hoja ipo, nakubali. Ila mkishakubaliana na mimi kwamba shimo la msingi wa daraja linahitaji mtu anayelipwa vizuri, basi na shimo la udongo linahitaji.

Hebu tuingie kwenye posho, maana ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ilipandisha posho ya kujikimu safarini, kiwango cha chini kikatoka 80,000 kwenda 100,000 kwa siku na cha juu kikatoka 120,000 hadi 250,000. Sasa piga hesabu. Mtu ambaye mwezi mzima wa kukaa ofisini na maabara unamwachia laki tano, akilala nje siku kumi tu kwa kiwango kile cha chini anapata milioni moja. Akilala gesti ya elfu ishirini na kula kwa mama ntilie, kinachobaki kinazidi mshahara wake. Simlaumu, ada ya shule haisubiri na mama kijijini anapiga simu. Lakini hapo tayari tumeshamfundisha kwamba kazi inayolipa ni safari, na kazi ya kukaa ukasoma udongo wako kwa utulivu hailipi.

Na safari zinalipwa na nani? Projekti. Projekti inaletwa na mfadhili, ina miaka mitatu, ikizidi sana mitano, na inakuja na zao lake na swali lake. Leo ni mihogo, kesho ni kilimo himilivu, keshokutwa ni maharage yenye madini ya chuma. Mtafiti anahama nayo, akiwa na maarifa yake yote, kwa sababu akibaki kwenye swali lake mwenyewe anabaki na laki tano.

Udongo hauendi hivyo jamani! Ukiweka samadi na mabaki ya mazao ukitaka kujua kama mboji imeongezeka, msimu mmoja au miwili haikuambii kitu, mvua ikibadilika tu inakuvuruga matokeo yote. Ukiweka fosfeti ya Minjingu kwenye udongo wenye tindikali inayeyuka taratibu, faida yake nyingine unaikuta misimu ya mbele. Chokaa vile vile. Pale Rothamsted Uingereza shamba la ngano la Broadbalk limeanza 1843 na mpaka leo linalimwa na kupimwa, wameshapita watafiti vizazi na vizazi na daftari ni lile lile. Sisi ploti zetu za majaribio projekti ikiisha mlinzi anapanda mahindi yake. Mambo yaliyowekwa kwenye zile ploti, tritimenti (kile kinachojaribiwa) na replikesheni (marudio) zake zote, yanaishia kwenye ripoti ambayo mfadhili ameifungia kabatini, na baada ya miaka michache inakuja projekti nyingine inauliza swali lile lile kutokea mwanzo. Nimeona hili na linaniuma kuliko hata mshahara wangu.

Na mjue hii kazi yenyewe ilivyo kwa wale mnaodhani ni kushika udongo na kunusa. Unachimba shimo la profaili refu kukuzidi kimo au karibu, unaingia ndani na kisu, unachokonoa ukuta kutoka juu kwenda chini, unatafuta pale rangi inapobadilika, unalowesha donge kidogo unalilinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell ambacho kwenye ofisi nyingi kurasa zimeshapauka na hakuna hela ya kununua kingine. Sampuli unachanganya kwenye ndoo ya plastiki, ukitumia ya bati utajiwekea zinki mwenyewe halafu ushangae majibu. Unazikausha kivulini, unatwanga, unapitisha kwenye chekecheo la milimita 2. Halafu anapokea fundi sanifu wa maabara, huyo ndiye anasimama na asidi ya sulfuriki ya moto siku nzima akitafuta naitrojeni, na mshahara wake uko chini ya wa huyo mtafiti tunayemlilia hapa. Huyu hata fildi hapelekwi! Akipata dili la maabara ya mgodi anaondoka, na mashine inakaa na vumbi mpaka apatikane mwingine wa kufundishwa upya.

Tofauti nyingine inategemea tu umeangukia zao gani. Ukiwa kituo cha utafiti cha Naliendele kwenye korosho, kuna zao linaleta dola. Ushuru wa kusafirisha korosho nje ulikuwa unagawanywa asilimia 65 kwa ajili ya zao lenyewe, utafiti ukiwemo, na 35 Hazina, mpaka 2018 sheria ilipobadilishwa zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali na wabunge wa Kusini wakawaka kweli kweli bungeni. Kahawa ina taasisi yake ya utafiti, TaCRI, tumbaku ina TORITA, zote zinaegemea zao lao. Mwenye mtama au ulezi hana ushuru wa kumbeba. Na ulezi na mtama ndivyo wanavyokula watu wa sehemu kavu, kwa hiyo anayefanyia kazi walaji maskini ndiye mwenye bajeti nyembamba. Hilo silielewi na sitaki kuzoea.

Kampuni binafsi zinalipa vizuri zaidi, gari linakuwepo, ila mara nyingi umeajiriwa kuuza mbolea na una malengo ya mauzo, sasa mkulima wa Njombe ambaye udongo wake unahitaji chokaa kwanza utamwambia ukweli au utamuuzia mfuko? Mashirika ya kimataifa nayo yana madaraja mawili, aliyeajiriwa kimataifa analipwa kwa dola na mara nyingi nyumba na ada ya watoto juu, aliyeajiriwa kitaifa analipwa kwa soko la hapa, na wote wamesimama kwenye ploti moja. Hata hivyo huyo wa kitaifa anamzidi mwenzake wa serikalini, ndiyo maana tukishamfundisha mtu kwa kodi zetu anahamia huko.

Hata Marekani mishahara ya watu wa udongo na mimea haifanani, serikali kuu kwa kawaida inalipa zaidi ya vyuo, mtu wa katikati anapata kati ya dola 60,000 na 75,000 kwa mwaka kwa takwimu za miaka ya karibuni. Kwa kwao si matajiri hata kidogo. Ila anaishi kwa huo mshahara. Akienda shambani anaenda kwa sababu udongo unamhitaji siku hiyo.

Serikali kuanzia msimu wa 2022/23 inaweka hela nyingi kwenye ruzuku ya mbolea, na mimi naiunga mkono ruzuku. Lakini nani anamwambia mkulima wa Mbozi na wa Kilosa kwamba mbolea zao zisifanane? Nani anajua kwamba urea ukiirudia mwaka baada ya mwaka bila chokaa inazidi kuchachusha udongo ambao tayari una tindikali? Ni huyo huyo mtafiti wa vituo vya Mlingano, Uyole na Selian. Tunatoa mabilioni kwenye mfuko wa mbolea halafu anayejua umwagwe wapi tunamwambia akajitafutie kwenye fildi.

Ninachotaka kinaeleweka. Mshahara wa msingi wa mtafiti na wa fundi maabara upande mpaka posho irudi kuwa hela ya kulala na kula tu. Ploti za muda mrefu ziwe na fungu lao ndani ya bajeti ya wizara, lisilotegemea mfadhili, hata kama ni vituo vichache tu kuanzia, na anayezitunza asipoteze kitu kwa kutosafiri. Na mtu wa ulezi apate sawa na mtu wa korosho. Siku nikiona jedwali la mishahara lenye sura hiyo nitakwenda mwenyewe Morogoro kuwaambia wadogo zangu wachague udongo.