Don Zabibu kaomba kuona bajeti ya harusi

Kwenye simu yangu mimi ni mtu wa Firefox na nina sababu zangu, naiwekea uBlock Origin matangazo yanakaa kimya bando halinyonywi, na nilishaingia kwenye mipangilio ya Android, kwenye apu chaguomsingi, nikaichagua iwe ndo brauza ya kila kitu. Wenzetu wa iPhone walikuwa hawawezi hilo mpaka ilipokuja iOS 14 mwaka 2020, nilikuwaga nawacheka sana. Kwa hiyo nikajua yameisha, linki yoyote nikibonyeza inaenda Firefox ambako akaunti zangu zote zimo.

Kumbe kuna apu zina kibrauza chao humohumo tumboni. Unabonyeza linki, inafungukia ndani, hata haimuulizi huyo uliyemchagua, na kwa vile kina kumbukumbu zake chenyewe hakijui kwenye Firefox umeingia kama nani.

Sa tuko kikao cha harusi ya binamu, Area C, upepo wa Dodoma ule wa jioni unahamisha viti vya plastiki na vikombe, Baba Mdogo ndo mwenyekiti na anaendesha kikao utadhani yuko bungeni, ukitaka hata chumvi unyooshe mkono. Katibu ni mimi. Dada mhazini katupia linki ya jedwali la bajeti kwenye grupu, Baba Mdogo akasema "Katibu, tusomee ukumbi."

Nikabonyeza. Ikatokea huna ruhusa. Mimi katibu sina ruhusa! Chini yake kuna kitufe cha kuomba, Baba Mdogo anagonga meza na kalamu tok tok tok, nikakibonyeza fasta bila hata kuangalia juu pale limeandikwa jina la nani.

Simu ya mhazini ikalia pling. Akaisogeza mbali kidogo asome vizuri.

"Jamani, Don Zabibu ni nani?"

Aisee. Hiyo akaunti niliifungua zamani enzi za kubeti pale Majengo, picha yake simba kavaa miwani ya jua, na inaonekana niliwahi kuingilia humohumo kwenye hako kakibrauza halafu nikasahau, ila kenyewe hakajasahau.

"Anaomba kuona bajeti yetu," mhazini akaendelea.

Shangazi hakungoja hata kunyoosha mkono. "Si niliwaambia! Huyo ni mchumba wa zamani wa bibi harusi, anataka kujua tumejipangaje." Mwingine akasema hapana, hilo jina ni la mtu wa Hombolo, kule kwenye mashamba ya zabibu, huyo atakuwa na hela. Wa tatu akasema tapeli, matapeli wote wanaweka picha ya simba. Mimi nimeinamia simu natafuta pa kutokea, nikagusa sijui wapi, pling.

"Kaomba tena!"

"Ana haraka ya nini huyu?" Shangazi anavaa kandambili kabisa, sijui alikuwa anaenda wapi.

Dogo mmoja wa UDOM alikuwa kakaa ubavuni kwangu, akachungulia kioo changu, akaninong'oneza, "Anko, Don Zabibu si wewe?" Nikamwambia mishkaki mitano na soda. Akaichukua simu chini ya meza, akabonyeza nukta tatu pale juu, akachagua fungua kwenye brauza, Firefox ikafunguka na jedwali zima hilo hapo na jina langu la heshima. Afu akaingia mipangilio ya ile apu yenyewe akakuta swichi ya brauza ya ndani akaizima, akaniambia sio apu zote zina hiyo swichi, nyingine ni nukta tatu kila siku au unanakili linki unaenda kuibandika mwenyewe. Nikasoma ukumbi kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nikadhani tumemaliza. Baba Mdogo akavua kofia akaiweka mezani, hapo ujue anatoa uamuzi.

"Mhazini, mpe ruhusa ya kuangalia tu, asiguse. Mtu anayehangaika hivo na harusi ya watu ni mtu wa kuchangia. Muandike kadi ya double, laki moja. Katibu utamfuatilia."

Ikapita kwa makofi.

Kwa hiyo sasa kwenye jedwali nipo mimi na laki yangu nimeshalipa, chini yangu yupo Don Zabibu anadaiwa laki, na pale kwenye maelezo mhazini kaandika "katibu anashughulikia". Jana Baba Mdogo kanipigia, anasema Jumamosi kapata gari, twende wote Hombolo tukamtafute.