Ukija Uingereza, majani ya chai yaache

Kila baada ya likizo naona Wakenya wenzangu wakirudi huku na masanduku yaliyojaa pakiti za majani ya chai. Mimi nafasi hiyo naijaza vitu vingine. Majani yetu yalishatutangulia: hakuna nchi inayowauzia Waingereza chai nyingi kuliko Kenya. Yanachumwa Kericho, Nandi na Murang'a, yanapigwa mnada Mombasa, yanapanda meli, kisha unayakuta supamaketi hapa Leicester ndani ya vifuko vya karatasi, yamechanganywa na ya kwingine, jina la Kiingereza juu. Na ni yale yale ya chembechembe, yanayotoa rangi haraka na kuhimili maziwa. Kwa hiyo mtu akilaumu majani, nabisha. Aangalie sufuria.

Mwingereza anapika chai kikombeni: kifuko, maji ya birika la umeme, tone la maziwa ya friji, basi. Kwetu maziwa yanapikwa. Maji kwanza na tangawizi iliyopondwa, majani yachemke vizuri, ndipo maziwa yaingie, karibu nusu kwa nusu. Yakipanda punguza moto, yakitulia ongeza, huku ukichota kwa kikombe na kumimina kutoka juu. Usiondoke hapo jikoni, simu iache iite. Hapo ndipo chai inapokuwa nzito na kufanya utando ikitulia. Ila maziwa ya kifuniko chekundu, yaliyoondolewa mafuta, utayachemsha mpaka kesho na hutaona kitu. Chukua ya kifuniko cha buluu.

Ofisini kwetu mtu akiinuka kutengeneza chai anamuuliza kila mmoja: kali au nyepesi, maziwa kiasi gani, sukari vijiko vingapi? Na wanakumbuka. Yuko mwenzangu mmoja ambaye hajawahi kukikosea kikombe changu. Huo nao ni upendo, na nimejifunza kuuheshimu, lakini ni upendo unaohesabu watu kwanza. Mama alipika ya waliopo na ya atakayetokea. Jirani akipiga hodi, fundi akimaliza kazi, shangazi akishuka matatu bila kumwarifu mtu, cha kummiminia kilikuwemo kwenye chupa. Kisipotosha, sufuria inarudi motoni na maji yanaongezwa, na hakuna anayesema neno. Huku mgeni anapangiwa tarehe wiki mbili kabla, na mwenyeji ana hakika kwamba amekuheshimu.

Nyumbani nako nisikupambe kupita kiasi. Aliyeamka alfajiri kuwasha jiko alikuwa mimi au dada yangu. Kaka zetu waliletewa. Hapa kwangu mpishi wa chai ni mwanangu wa kiume, na anaipika vizuri kuliko baba yake anavyochemsha maji. Hilo nimelipata ugenini, na silirudishi.

Aliyenielewa upesi mtaani ni mama mmoja Mgujarati, mzaliwa wa Kampala. Alikuwa mtoto Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na maelfu yao walihamia mji huu. Kiswahili chake ni cha kuamrisha jikoni, lakini sufuria yake niliitambua kwa harufu kabla sijavuka mlango: tangawizi, iliki, maziwa yanayopanda. Si ajabu. Katika chai yetu ya viungo mkono wa Wahindi umo, ingawa tukiwa Kenya tunaisifu kana kwamba Mungu aliiteremsha Limuru ikiwa tayari imechemka. Yeye huja bila kupiga simu. Hupiga hodi kwa sauti, kwa Kiswahili, majirani wote wakasikia.

Siku hizi Jumamosi alasiri napika sufuria kubwa kuliko idadi yetu, na watu wamezoea. Jirani Mwingereza bado hutuma ujumbe kwanza, hata akiwa amesimama nje ya geti. Ana kisukari, na yule mama wa Kampala pia anacho, kwa hiyo sukari nimeitoa kwenye sufuria nikaiweka mezani, kila mtu ajipimie. Nilipomsimulia mama yangu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza hao wageni wangu ni wagonjwa wote au ni bei ya sukari imenishinda.