Muswada ulianguka, nani akaketi mezani?

Tangu vijana wa Kenya waangushe Muswada wa Fedha wa 2024, ubishi haujaisha: ushindi ule ulikuwa wa simu au wa barabara?

Wanaoipa simu sifa wana hoja. Kabla mtu hajaonja gesi ya machozi, muswada ulikuwa umeshachambuliwa TikTok na X kifungu kwa kifungu, hata kwa lugha za nyumbani: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ushuru wa mazingira ambao ungepandisha bei ya sodo na nepi. Namba za wabunge zikasambazwa, wakamiminiwa ujumbe usiku na mchana. Juni 18, maandamano ndiyo kwanza yanaanza Nairobi, serikali ikatangaza kuondoa kodi ya mkate na ya magari. Huwezi kuziita hizo kelele za chura.

Lakini ng'ombe aliendelea kunywa maji. Juni 25, pamoja na jumbe zote zile, wabunge 195 waliupitisha muswada dhidi ya 106. Alasiri ileile waandamanaji wakaingia Bungeni na vijana wakapigwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kutia saini. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa.

Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Mtandao uliosaidia haukuwa ule wa matusi na vibonzo (ingawa vingine vilivunja mbavu), bali ule wa kazi isiyo na utamu: kusoma vifungu, kuchangisha mamilioni ya kulipia hospitali na mazishi, kuwatafutia mawakili waliokamatwa. Zamani kazi hiyo ingehitaji chama chenye matawi, na miezi ya vikao.

Ila chama kina mwenyekiti wa kumtuma mezani. Kaulimbiu yao ya "Hatuna kiongozi" iliwalinda vijana mwezi Juni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kununuliwa. Julai ikawageuka. Julai 5 Ruto mwenyewe aliingia kwenye mjadala wa sauti pale X, watu zaidi ya laki moja wakisikiliza, akaulizwa maswali bila kupakwa mafuta. Mjadala ukaisha, na hapakuwa na mjumbe wa kufuatilia majibu. Julai 11 akawafuta kazi karibu mawaziri wote; wizara nne zikaenda kwa watu wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, John Mbadi akikabidhiwa Hazina. Desemba, baadhi ya mapendekezo ya kodi yalirudi kupitia sheria nyingine.

Simu pia huacha nyayo. Kufikia mwisho wa 2024 Tume ile ya Haki za Binadamu ilikuwa imerekodi visa 82 vya utekaji tangu Juni, na miongoni mwa waliochukuliwa Desemba walikuwamo waliojulikana kwa vibonzo na maandishi yao X.

Tanzania ilijaribu njia ya mkato: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Watu waliandamana Dar es Salaam hata hivyo, maana wito ulikuwa umeshawafikia. Waliokosa mtandao hasa ni ndugu waliokuwa wakitafuta nani kalazwa wapi, na nani hajarudi.